Kisiwa kimoja, watoto watatu: kisa cha akaunti za watoto kwenye mashine ya gemu ya familia

Kisa hiki ni cha familia ya watu watano na Nintendo Switch moja. Nakiandika kwa ruhusa ya wazazi. Majina nimeyaacha, na mambo kadhaa ya nyumbani kwao nimeyageuza wasije wakatambulika. Watoto nitawaita Mkubwa (miaka 12), Kati (miaka 9) na Kitinda (miaka 6). Mimi ni rafiki wa wazazi. Watoto huniita Mjomba, na niliitwa pale mambo yalipokuwa yameshaharibika.

Usuli

Mashine iliwekwa sebuleni, ikaunganishwa na televisheni. Ilikuja na Joy-Con mbili, na kila moja ukiilaza ubavu inakuwa padi kamili, kwa hiyo watoto wawili wanacheza siku hiyohiyo bila kununua kitu kingine. Padi ya tatu ilinunuliwa baadaye. Gemu zilikuwa mbili, zote za kadi ndogo inayochomekwa kwenye mashine: Mario Kart 8 Deluxe, ya mbio za magari, na Animal Crossing: New Horizons, ya kuishi na kujenga kisiwani.

Mama ndiye mwenye mambo ya simu, malipo na manenosiri. Baba ndiye anayecheza na watoto, na kwa kusema kweli yeye ndiye aliyeitaka ile mashine kuliko wote.

Kabla ya kuendelea, kuna tofauti moja inayobeba kisa kizima. Kwenye Switch, *mtumiaji* na *akaunti* ni vitu viwili. Mtumiaji ni ile picha na jina unavyochagua kila unapofungua gemu, na mashine moja inabeba hadi wanane. Akaunti ni ile ya Nintendo iliyoko mtandaoni, yenye tarehe ya kuzaliwa, barua pepe na historia ya manunuzi. Mtumiaji anaweza kuwepo bila akaunti. Gemu uliyohifadhi, yaani pale ulipofikia katika mchezo, inakaa chini ya mtumiaji, na haihamishiki kwenda kwa mtumiaji mwingine wa mashine ileile. Ukimfuta mtumiaji, umefuta na alichohifadhi.

Wazazi hawakulijua hili. Wengi hatulijui, kwa sababu siku mashine inapofunguliwa boksi hakuna mwenye subira ya kusoma.

Yaliyotokea

Siku ya kwanza Mama alitengeneza mtumiaji mmoja tu, akamwita "Familia", akamuunganisha na akaunti yake mwenyewe ya mtu mzima. Kwenye manunuzi akachagua mashine isimuulize nenosiri kila mara. Hoja yake ilikuwa ya maana: watoto watatu wamesimama nyuma ya kochi wanasubiri, na mashine ni ya familia, basi iwe na jina la familia.

Kwa Mario Kart hapakuwa na tatizo lolote. Gemu ile inachezwa na watu hadi wanne kwenye televisheni moja, skrini ikigawanywa, na wa pili hadi wa nne hawahitaji jina lolote ndani ya mashine. Unashika padi, unacheza. Kitinda aliwekewa usukani unaojirekebisha ili gari lisitoke barabarani, na siku ya tatu akaanza kuwashinda wenzake.

Shida ilianzia kisiwani. Animal Crossing inatoa kisiwa kimoja kwa mashine moja, hata mkiwa watumiaji wanane. Kila mtumiaji anapata mkazi wake na nyumba yake. Yule anayefika kwanza anakuwa Mwakilishi wa Wakazi: ndiye anayesukuma hatua za kisiwa na kuamua majengo yakae wapi, na cheo hicho hakihamishwi. Njia pekee ya kumbadili ni kufuta kisiwa kizima. Kwa kuwa mtumiaji alikuwa mmoja, watoto wote watatu walikuwa mtu mmoja kisiwani.

Mkubwa alikuwa anakusanya Bells, pesa za humo ndani, ili alipe deni la nyumba. Siku tatu alivua samaki, akauza, akaweka. Jioni ya siku ya nne alifungua gemu akamkuta mkazi wake amevaa gauni la njano na kofia ya nyuki, pochi tupu. Kati alikuwa amepita dukani. Alipoulizwa alijibu bila hatia yoyote: "Si pesa zetu? Jina limeandikwa Familia." Sijaona jibu la kumshinda hapo.

Baada ya ugomvi ule Mkubwa alichukua hatua mwenyewe. Akaazima simu ya Baba, akafungua akaunti yake ya Nintendo, na ulipofika mwaka wa kuzaliwa akaweka mwaka uliomfanya mtu mzima. Hakuwa na mpango wa ovyo. Alikuwa amejaribu mwaka wake wa kweli, akaambiwa mzazi ahusike, na mzazi alikuwa kazini. Akaongeza mtumiaji wa pili kwenye mashine, akahamia kisiwani kama mkazi wa pili, akagundua kuwa mwenye kauli kisiwani ni "Familia". Akasusa. Kwa kadi ya zawadi aliyokuwa nayo akanunua gemu ya kuvamia ngome, ya kupakua, yenye alama ya umri wa miaka 12.

Wazazi walishtuka walipoiona kwenye skrini. Wiki hiyo Mama akaweka kwenye simu yake programu ya Nintendo ya udhibiti wa wazazi, akafunga kila alichokiona: saa moja na nusu kwa siku, gemu zisizozidi alama ya miaka 7 kwa ajili ya Kitinda, na muda ukiisha gemu isimamishwe papo hapo. Akaweka namba ya siri.

Ndani ya siku chache nyumba ilikuwa na kesi tatu kwa mpigo. Gemu ya Mkubwa haikufunguka kabisa. Kati, anayerudi mapema kuliko kaka yake, alikuwa akimaliza karibu muda wote peke yake, na Mkubwa anakuta dakika kumi. Mkubwa akalalamika, Mama akamhurumia, akawa anaingiza ile namba ya siri ili amfungulie. Aliiingiza kwenye televisheni ya sebuleni, kwa padi, akichagua tarakimu moja moja, watoto wakiwa kwenye mkeka.

Kati hakuona tarakimu zenyewe. Aliangalia kisanduku cha kuchagulia kikiruka juu, kushoto, chini, chini. Mara mbili zilimtosha.

Namba ile ikiingizwa, vizuizi vinalegezwa vyote, muda pamoja na alama za umri, mpaka mashine ilale. Kwa karibu wiki tatu Kati alikuwa anafungua anapotaka. Kilichomuumbua ni ripoti ya kwenye simu: siku moja ilionyesha zaidi ya saa tatu. Mama akauliza nani, wote wakakana, na ripoti haikuweza kusaidia kwa sababu saa zote tatu zilikuwa chini ya jina "Familia".

Hapo ndipo nikapigiwa simu.

Mchana mmoja sebuleni

Nilitaka watoto wawepo. Mama hakupenda, aliona mipangilio ni mambo ya wakubwa. Nilisisitiza kwa sababu watoto hawa walikuwa wanaijua mashine kuliko wazazi wao, na kanuni ambayo mtoto hajaielewa ataijaribu tu aone inavunjikaje.

Swali lililofungua kazi alilitoa Kati, tena kwa kebehi: "Mjomba, kwani mashine inajua ni mimi?"

Nikamwambia haijui. Inajua picha uliyoibonyeza, basi.

Tukachukua karatasi, tukachora mstari katikati. Upande mmoja tukaandika yale yanayomfuata mtoto, upande wa pili yale yanayobaki kwenye mashine hata acheze nani. Upande wa mtoto: gemu aliyohifadhi, marafiki wa mtandaoni, ruhusa ya kununua na kuona bidhaa kwenye Nintendo eShop, duka lao la mtandaoni, tarehe ya kuzaliwa. Upande wa mashine: muda wa kila siku, kiwango cha umri cha gemu, vizuizi vya mazungumzo, namba ya siri. Baba alikaa akiitazama ile karatasi muda mrefu, kisha akasema, "Kwa hiyo tulikuwa tunamfungia Kitinda, tunamfunga Mkubwa." Ndivyo ilivyokuwa.

Maamuzi na sababu zake

*Akaunti za kweli.* Akaunti ya Mama ikawa msimamizi wa kundi la familia, ambalo linachukua hadi watu wanane. Baba akaingizwa kama mzazi wa pili, ili siku Mama hayupo pasiwe na mtu wa kubahatisha. Watoto watatu wakatengenezewa akaunti zinazosimamiwa, kila mmoja na tarehe yake halisi. Tarehe niliisoma kwa sauti kabla ya kuthibitisha, maana ukishaiweka huna pa kwenda kuirekebisha kwenye mipangilio.

Mkubwa aliuliza kwa nini mashine inajali umri wake kiasi hicho. Nilimweleza kwa ufupi. Marekani ina sheria iliyopitishwa mwaka 1998 na kuanza kutumika mwaka 2000, inayotaka ridhaa ya mzazi kabla ya kukusanya taarifa za mtoto aliye chini ya miaka 13, na Umoja wa Ulaya una kanuni yake tangu 2018 inayoweka mpaka kati ya miaka 13 na 16 kulingana na nchi. Kampuni za gemu zinauza dunia nzima, basi mpaka huo unamkuta mtoto popote alipo. Akasema, "Kumbe hawakunionea mimi tu." Nadhani hilo lilimtuliza kuliko hotuba yote ya wazazi kuhusu kusema uongo.

*Akaunti ya uongo.* Hapa tulibishana. Mama alitaka yule mtumiaji afutwe siku hiyohiyo. Nikamwonyesha gharama: gemu iliyonunuliwa iko kwenye ile akaunti, haihamishiki kwenda akaunti nyingine, na ngome zote alizokwisha kuziteka Mkubwa zingekwenda na maji. Mtumiaji yule akibaki, watumiaji wengine wa mashine hiyo nao wanaweza kuicheza gemu hiyo. Mwishowe wakakubaliana: nenosiri libadilishwe na kushikwa na Mama, hakuna kununua tena kupitia kwake, Mkubwa amalize gemu yake kwa mtumiaji wa zamani, kisha wamfute pamoja. Mama aliona kama zawadi kwa kosa. Mimi niliona kwamba kosa la mwaka wa kuzaliwa lina adhabu yake ya haki, na kupoteza kazi ya mwezi mzima si adhabu inayofanana nalo.

*Kisiwa.* Chaguo lilikuwa kufuta na kuanza upya, au kumwacha "Familia" awe Mwakilishi. Nilidhani watafuta. Kitinda ndiye aliyekataa, kwa sababu kulikuwa na bata fulani, mkazi wa kisiwa, ambaye ni rafiki yake. Kaka na dada wakanyamaza kidogo, wakakubali. Kisha Mkubwa akatoa wazo ambalo mimi sikuwa nalo: "Familia" abaki kuwa mwakilishi lakini asiwe wa mtu. Kila mtoto ahamie kisiwani kwa mtumiaji wake, ajenge nyumba yake, pochi yake. Mambo ya kisiwa, daraja liende wapi, duka likae wapi, wayaamue mara moja kwa wiki wakiwa pamoja na Baba, kwa kumtumia "Familia".

*Muda.* Kwa kuwa saa ni ya mashine, hatukuweza kumpa kila mtoto saa yake kwenye programu. Tukaupandisha ukomo hadi saa mbili na kuugawa kwa karatasi iliyobandikwa ukutani, dakika 40 kwa kila mtoto. Mashine inalinda jumla, wao wanalinda mgawo. Kusimamishwa papo hapo tukakuondoa, tukaacha tangazo tu kwenye skrini. Gemu ikisimamishwa hivyo haipotezi kitu, inaganda, lakini mtoto aliyekatwa kwenye mzunguko wa mwisho wa mbio hasikii maelezo hayo.

*Kiwango cha umri.* Switch hii haina kufuli kwa mtumiaji mmoja mmoja. Ukiruhusu gemu ya Mkubwa kwa kuiweka kwenye orodha ya zinazoruhusiwa, imeruhusiwa kwa mashine, na Kitinda naye anaweza kuifungua. Tukaacha kiwango kwenye miaka 7. Gemu mpya za Mkubwa zitakuwa za kadi: jina linaingia kwenye orodha, kadi inakaa kwenye droo yake. Bila kadi gemu haifunguki hata iweje. Nimefanya kazi ya kompyuta miaka mingi, na kufuli bora niliyoipata kwa familia hii ilikuwa droo. Ile ya ngome, kwa kuwa ni ya kupakua, haikuingizwa kwenye orodha. Kila akitaka kuicheza, mzazi aingize namba ya siri.

*Namba ya siri.* Ikabadilishwa, ikawa ya tarakimu nane, na ikaamuliwa isiingizwe watoto wakiwa wanatazama. Kati alinyimwa mashine wiki moja. Aliipokea adhabu kwa heshima ya mtu anayejua kuwa alikuwa na akili.

*Manunuzi.* Mtumiaji "Familia" ni wa akaunti ya Mama, na Mama alikuwa ameruhusu kununua bila nenosiri. Kwa kisa chote hiki mlango huo ulikuwa wazi na hakuna mtoto aliyeuona. Tukaufunga kwa sekunde thelathini.

Matokeo baada ya miezi mitatu

Ugomvi wa kisiwa uliisha, na ripoti ya simu ikaanza kuwa na maana, kwa sababu sasa inaonyesha nani kacheza nini.

Jambo ambalo hatukulitarajia lilitokea kwenye ile karatasi ya dakika. Wiki ya pili Kati alikuja na hesabu. Akicheza peke yake ana dakika 40. Wakicheza Mario Kart wote watatu kwa dakika 40, mashine imehesabu dakika 40 tu, na bado kuna dakika 80 za kugawana. Wakicheza pamoja muda wote, kila mmoja amepata saa mbili kamili. Akaenda kuwashawishi kaka na mdogo wake kama mtu anayeuza hisa. Tangu hapo sehemu kubwa ya mchezo wao ni wa pamoja, na kisiwani wanatembea watatu kwa mpigo kwenye skrini moja. Gemu inaruhusu hadi wanne, mmoja akiongoza na wengine wakifuata, na vitu wanavyookota wafuasi vinapelekwa kwenye kisanduku katika ofisi ya wakazi. Kuhusu nani aongoze bado wanazozana, lakini ni mzozo wa dakika moja.

Yapo yaliyokwama. Kitinda hasomi vizuri, na picha za watumiaji tulizochagua zilifanana: wahusika watatu wenye kofia. Mara kadhaa aliingia kwa jina la Mkubwa, na siku moja alimwaga maji kwenye maua ya kaka yake kwa nia njema kabisa huku akidhani ni yake. Tulipombadilishia picha ikawa ya mnyama mmoja mkubwa wa rangi tofauti, tatizo likaisha. Lilikuwa la kushughulikiwa siku ya kwanza.

Gemu ya ngome nayo imewachosha wazazi. Kila mara namba ya siri, kila mara vizuizi vyote kulegea mpaka mashine ilale, na mara mbili Baba alisahau kuilaza. Kitinda alikutwa amekaa mbele ya ngome inayowaka moto. Hakuonekana kudhurika, aliuliza tu nani anazijenga upya.

Watoto wa wageni hatukuwa tumewafikiria. Binamu alipokuja akacheza kwa mtumiaji wa Kati, akauza samani zake. Siku iliyofuata Mama, bila kuniuliza, alitengeneza mtumiaji aitwaye "Mgeni", asiye na akaunti yoyote. Ni hatua sahihi, na nilifurahi kwamba hakuniuliza.

Uchambuzi

Kosa la msingi halikuwa uzembe. Mama alitumia jina moja kwa sababu mashine ni moja, na kwa Mario Kart hilo lingetosha mpaka leo. Lililomponza ni kwamba hakuna kitu kwenye skrini kinachokuonya kuwa gemu hii inakumbuka mtu na ile haikumbuki. Ningeulizwa leo na mzazi anayefungua boksi, ningemuuliza kwanza watoto watacheza nini. Kwa gemu za mbio na za karamu, padi zinatosha. Kwa gemu yoyote yenye nyumba, mali au safari ya kuendelezwa, kila mtoto aingie na mtumiaji wake kabla gemu haijafunguliwa hata mara moja, na mzazi aamue nani aingie wa kwanza. Akaunti kamili inaweza kusubiri siku mbili tatu: mtumiaji asiye na akaunti anaweza kuunganishwa nayo baadaye bila kupoteza alichohifadhi.

Udhibiti ulishindwa kwa sababu uliletwa kama jibu la hasira, ukafunga vitu vitatu kwa mkupuo bila kutofautisha vya mtoto na vya mashine. Ukali wa mpangilio ndio uliomlazimu Mama kuingiza namba ya siri kila siku, na namba inayoingizwa kila siku mbele ya watoto si siri tena. Kati alikamilisha tu kilichokuwa kimeanza. Ingekuwa kanuni iliyoachia nafasi ya haki kwa Mkubwa, ile namba ingeingizwa mara moja kwa mwezi na pengine hadi leo asingeijua mtu.

Kuhusu mwaka wa uongo, naona tulifanya vizuri kutousemea sana. Alidanganya kwa sababu njia ya kweli ilimtaka mzazi ambaye hakuwepo. Kumpa Baba nafasi ya mzazi wa pili kulikuwa sehemu ya dawa, hata kama kwenye karatasi ilionekana kama jambo dogo la mipangilio.

Hesabu ya Kati siwezi kujisifia. Niliupandisha ukomo kwa ajili ya kugawa, sikuona kwamba saa inayohesabiwa kwa mashine inafanya kucheza pamoja kuwe rahisi kuliko kucheza peke yako. Ni bahati iliyotokana na namna Switch inavyohesabu, na usiichukue ukaipeleka kwenye mashine nyingine bila kufikiri. Kwenye PlayStation 5 na Xbox muda unafuata akaunti ya mtoto, kwa hiyo wawili wakiingia kwa majina yao na kucheza pamoja, saa za wote wawili zinakimbia. Huko kila mtoto unaweza kumwekea umri wake na muda wake, jambo ambalo lingeitatua kesi ya Mkubwa na Kitinda bila droo. Ila kuna mlango wake: kwenye PlayStation 5 mtoto anaweza kuingia kama mgeni au kutengeneza mtumiaji mpya asiye na kizuizi chochote, mpaka mzazi azuie hilo kwenye vizuizi vya mashine yenyewe, na namba ya kufungulia vizuizi hivyo inatoka kiwandani ikiwa 0000. Nimewaambia wazazi wengi wakaibadilishe. Wengi wao watoto wao walikuwa wameshaijua.

Lililobaki wazi ni Mkubwa mwenyewe. Mwaka ujao anatimiza 13. Akaunti yake haitafunguka yenyewe siku hiyo, kwani akaunti inaweza kuendelea kusimamiwa na mzazi hadi miaka 17. Wazazi watalazimika kuamua nini kilegezwe kwa mashine ambayo bado itakuwa na mtoto wa miaka saba mbele yake. Nimependekeza wachukue ileile karatasi yenye mstari katikati. Mama ameitunza, imebandikwa ndani ya mlango wa kabati.

Mtumiaji wa zamani wa Mkubwa, yule mwenye umri wa mtu mzima, bado yupo kwenye skrini. Zimebaki ngome mbili. Mama huuliza kila Jumamosi.